KWA NINI SINDANO NI ZA SIKU 7?

Mama, mtoto wako hajafika miaka 6, naye ameonekana na vidudu vya ugonjwa wa usingizi, vinavyoletwa na inzi wa tsetse. Kama havijaingia bongo, munganga atamupa pentamidini: sindano moja kila siku, siku 7. Kwa nini nyingi hivi?

Kila kiumbe kina uzi mdogo sana wa uzazi, jina lake ADN. Kidudu hiki kina pia ADN ya ajabu: pete ndogo maelfu, zimeshikana moja ndani ya nyingine, sawasawa wavu wa minyororo. Sisi watu hatuna wavu huo.

Pentamidini inaingia katika kidudu, inajibana ndani ya mfereji mwembamba wa ule uzi, kama kabari katika ufa wa ubao. Wavu unavurugika, na kidudu kinakufa.

Lakini vidudu ni vingi, havifi vyote siku moja. Mtoto akianza kucheza siku ya tatu, usiseme "amepona" na kubaki nyumbani. Vilivyobaki vitazaa tena. Vikifika bongo, sindano hizi hazitoshi kuviua huko.

Kumbuka, mama:

1. Mtoto ale kabla ya sindano, maana dawa inaweza kupunguza sukari ya damu.

2. Kisha alale saa moja, maana inaweza kushusha mwendo wa damu, apate kizunguzungu.

3. Maliza siku 7 zote.