Kuchagua Mbao: Somo kwa Mafundi wa Ujenzi na Useremala



Mlango ukipinda, lawama humwangukia fundi. Ni mara chache mtu kuuliza nani alizinunua mbao, na zilikuwa na maji kiasi gani siku zilipoletwa. Wako wenzetu wanaokatwa mshahara kwa kosa lililofanyika dukani. Tujifunze basi kuzikagua mbao, ili tuseme mapema kabla msumeno haujaanza kazi.

1. Ubao utakaa wapi?

Tuanze na swali hili, kisha bei. Ubao utakaonyeshewa au kugusa udongo utoke katika mti ambao kiini chake hushindana na mchwa na kuoza, kama mvule, mninga au mkongo. Kwa kenchi za paa, msindano, ambao wengi huuita paina, unatosha: ni mwepesi na hushika misumari, lakini lazima utiwe dawa. Kwa makabati na meza, mkangazi na mninga hutoa kazi safi.

Tutazame pia rangi. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gamba huliwa na wadudu, hata ikiwa ya mvule. Jina la mti peke yake halitoshi.

2. Una maji kiasi gani?

Mti huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Husinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukisinyaa kwa asilimia 3 tu, umepoteza milimita 6. Hapo viungo huachia na paneli hupasuka.

Kupima si kazi ngumu. Tukate kipande kidogo mbali na ncha za ubao, kwa sababu ncha hukauka kwanza. Tukipime uzito, tukikaushe katika oveni mpaka uzito usipungue tena, kisha tukipime upya. Kikiwa gramu 60 kwanza na gramu 50 baadaye, maji ni gramu 10. Tugawe 10 kwa 50, tuzidishe kwa 100: unyevu ni asilimia 20. Ubao huo unaweza kwenda darini, lakini haujafaa kwa kabati, linalohitaji asilimia 12 hivi.

Tukumbuke na mahali. Mlango uliotengenezwa katika hewa ya unyevu ya Dar es Salaam husinyaa ukipelekwa Dodoma kwenye ukavu. Mbao zipangwe kivulini kwa vijiti katikati, hewa ipite, zizoee kabla ya kuungwa.

3. Unamdhuru anayeufanyia kazi?

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuziba pumzi. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kuchagua mbao kuende pamoja na kudai barakoa na njia ya kuondoa vumbi. Na vipande vya mbao zilizotiwa dawa yenye aseniki visipelekwe nyumbani kupikia, kwani moshi na majivu yake ni sumu.

Tufanye nini?

Kila tawi lidai mambo mawili. Kwanza, fundi ashirikishwe kabla mbao hazijanunuliwa. Pili, mbao zikipokelewa paandikwe aina, unyevu na tarehe, na pande zote mbili zitie sahihi. Siku mlango utakapopinda, karatasi hiyo itamsemea fundi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kazini kwetu nani huchagua mbao?
2. Kipande kina gramu 84 kabla ya kukaushwa na gramu 75 baadaye. Unyevu ni asilimia ngapi? Je, kinafaa kwa kabati?
3. Mwajiri akilazimisha mbao mbichi zitumike, tawi letu litachukua hatua gani?