Injini Kuukuu Isiyopumua

Wenye motokaa kuukuu wengi hulalamika neno moja: injini yavuja oili, fundi ametia sili mpya, na baada ya majuma machache yavuja tena. Mwisho huambiwa kwamba haina budi ifunguliwe yote, na mtu akauza ng'ombe kwa ajili hiyo. Kabla hajauza, twamsihi atazame kwanza kama injini yapumua.

Petroli iwakapo ndani ya silinda, moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ukashuka chini, mahali izungukapo karanki juu ya oili. Hata injini mpya hufanya hivyo. Moshi huo ukikosa njia ya kutokea huongeza nguvu humo ndani, huisukuma oili, nayo hutokea palipo dhaifu, yaani kwenye sili. Tena una mvuke wa maji na petroli isiyoungua, vitu vinavyoigeuza oili kuwa tope.

Motokaa nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1960 zilikuwa na bomba tupu lililoelekea chini, na upepo wa mwendo ndio uliovuta moshi. Gari likisimama, halikupumua vema. Baadaye iliwekwa valvu ndogo yenye springi, iurudishayo moshi ndani ya injini upate kuungua.

Basi, injini na izunguke polepole, gari limesimama. Ichomoe valvu kwenye kifuniko cha injini, mpira wake usiutoe, kisha uweke kidole mdomoni mwake. Kidole kikivutwa, njia i wazi. Kisipovutwa, valvu imeziba, au mpira umeziba au umelainika kwa joto ukajikunja. Zima injini, uitoe valvu na kuitikisa: nyingi zilizo nzima hulia kama mbegu katika kibuyu kikavu. Iliyonyamaza ibadilishwe. Iliyokwama wazi huonekana kwa dalili nyingine: injini hutetemeka ikizunguka polepole, maana hewa imezidi petroli.

Wapo madereva wauzibao mpira huo kwa kijiti ili oili isifike kwenye chujio la hewa. Hao wajitafutia hasara wenyewe.

Kama njia ni safi na bado moshi mwingi watoka penye kizibo cha oili, fundi na apime nguvu ya kila silinda. Iliyo dhaifu aitie kijiko cha oili, apime tena. Nguvu ikipanda, ringi zimelika, na hapo kuifungua injini ni haki. Isipopanda, atazame valvu za silinda na gasketi.

Mwenye gari la bomba tupu apitishe waya humo; nyigu hupenda kujenga ndani yake gari likikaa siku nyingi.