Dawati Moja, Kazi Zote: Panga WhatsApp, Malipo na Ushuru Kwenye Kompyuta Moja

Hebu hesabu kurasa ulizofungua kwenye kompyuta ya duka sasa hivi. WhatsApp ya wateja, barua pepe, dashibodi ya malipo, hesabu kwenye Google Sheets, ukurasa wa Facebook, eTIMS ya KRA, na labda YouTube inacheza muziki huko nyuma. Zote zimebanana pale juu kama abiria wa matatu saa ya jioni, hata majina hayasomeki.

Si uzembe. Biashara ndogo siku hizi inaendeshwa mtandaoni, upende usipende. Hata ushuru uko huko: tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS ndiyo KRA iikubali, isipokuwa zile chache zilizosamehewa kisheria.

Shida inaanza pale mteja anapotuma picha ya skrini na kuandika, "Nimelipa, boda yuko nje, ana haraka." Mfanyakazi anatafuta dashibodi ya malipo kati ya vichupo ishirini, haioni, simu inalia, boda anapiga honi. Mwishowe anatoa mzigo. Pesa inapotea hapo, na jioni kila mtu anamwangalia mwenzake.

Kwa hivyo somo la leo ni moja: kusanya kazi zako zote kwenye dawati moja, lakini pesa ikae chumba chake.

1. Gawanya kazi zako mara tatu

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uandike tovuti zote unazotumia. Kisha zigawe hivi:

- Za kila saa: WhatsApp, dashibodi ya malipo, orodha ya oda.
- Za kila siku: barua pepe, Facebook, Instagram, eTIMS, benki.
- Za kila mwezi: iTax na malipo mengine ya serikali.

Za kila saa ndizo zinastahili kukaa wazi siku nzima. Za kila siku unazifungua, unamaliza, unafunga. Za kila mwezi hazina haja ya kuonekana kabisa; weka ukumbusho kwenye kalenda. PAYE ya wafanyakazi hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT kufikia tarehe 20. Ukumbusho wa siku tatu kabla unatosha, badala ya kuacha iTax wazi mwezi mzima ukidhani utakumbuka.

2. Tengeneza vyumba viwili: Wateja na Pesa

Chrome na Edge zote zinakuruhusu kuwa na profaili zaidi ya moja. Bonyeza picha yako ndogo pale juu kwenye kona ya kivinjari, kisha uongeze profaili mpya. Moja iite "Wateja", nyingine "Pesa". Zipe rangi tofauti, mfano buluu na nyekundu, ili ukitupa jicho tu ujue uko chumba gani.

Kila profaili ina alamisho zake, nywila zake, historia yake na viendelezi vyake, yaani zile programu ndogo watu huongeza kwenye kivinjari. Hiyo ndiyo faida kubwa. Kuna viendelezi ambavyo ukivikubali vinapata ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua. Kile ulichoweka ili kupakua video hakina biashara ya kuona miamala yako. Kwa hivyo, chumba cha Pesa kisiwe na kiendelezi chochote usichokihitaji.

Kwenye Wateja weka WhatsApp, mitandao ya kijamii, barua pepe ya oda na Google Sheets. Kwenye Pesa weka dashibodi ya malipo, benki, iTax na eTIMS. Sheria ya nyumba: linki yoyote iliyotumwa na mtu haifunguliwi kwenye chumba cha Pesa. Hata ikisema imetoka kwetu.

Tovuti za pesa zihifadhi kama alamisho mara moja, kwa ile nyota iliyo kando ya anwani, na uingie kupitia hapo kila siku. Ukizoea kutafuta jina la benki kwenye Google kila asubuhi, siku moja utabonyeza ukurasa bandia unaofanana na wa kweli kama mapacha. Na usidanganywe na alama ya kufuli: inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haikuambii aliye upande wa pili ni nani. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi.

3. Bandika zile za kila saa

Bonyeza kichupo kwa upande wa kulia wa mausi, kisha uchague kukibandika. Kitakuwa kidogo, kitasogea mwanzo upande wa kushoto, na hakitahama. Kwenye Windows, Ctrl na 1 itakupeleka kichupo cha kwanza, Ctrl na 2 cha pili, na kadhalika. Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl, Shift na T itakirudisha.

Baada ya wiki moja vidole vitajua njia vyenyewe. Mfanyakazi mpya pia utamfunza kwa dakika kumi, kwa sababu kila kitu kina mahali pake.

4. Weka mazungumzo na malipo uso kwa uso

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa, kwa hivyo tuende polepole.

Fungua dirisha la Wateja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto. Litajaza nusu ya skrini. Fungua dirisha la Pesa, fanya vivyo hivyo na mshale wa kulia. Sasa WhatsApp iko kushoto na miamala iko kulia.

Tuseme una duka la vipuri Kirinyaga Road, Nairobi. Mteja wa Nakuru anaagiza brake pads za Sh 4,800 na kutuma picha ya skrini kwamba amelipa. Usisogeze mzigo. Angalia upande wa kulia na ulinganishe vitu vinne: msimbo wa muamala, kiasi, saa, na jina au nambari ya aliyelipa. Vyote vikikubaliana, toa mzigo.

Picha ya skrini inaweza kutengenezwa. SMS iliyoforwadiwa inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Malipo ni yale yaliyo kwenye dashibodi yako tu.

Kuna ujanja mwingine ambao hauhitaji hata picha bandia. Mtu analipa kweli Jumatatu, anachukua mzigo, kisha Alhamisi anatuma msimbo ule ule kwa mfanyakazi mwingine. Msimbo ni wa kweli, pesa iliingia kweli, lakini mzigo unatoka mara mbili. Dawa yake ni safu moja kwenye Google Sheets: kila msimbo ukitumika, uandike pamoja na mzigo uliotoka. Kabla ya kutoa mzigo, bonyeza Ctrl na F, utafute msimbo huo. Ukiupata, umeshatumika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni hilo.

5. Je, zile programu za kukusanya kila kitu?

Kuna programu kama Rambox, Ferdium, Shift na Wavebox. Unaweka WhatsApp, Gmail, Messenger na nyingine ndani ya dirisha moja, na ikoni zake zinajipanga pembeni. Ni nzuri hasa kama una nambari mbili au tatu za WhatsApp, kwa sababu kila moja inakaa peke yake bila kugongana. Ferdium ni ya bure. Nyingine zina huduma za kulipia.

Kabla ya kuzikimbilia, jua mambo mawili. Kwanza, kila huduma unayoongeza inakula kumbukumbu ya kompyuta. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itaanza kuhema. Pili, baadhi hazikuonyeshi anwani ya tovuti waziwazi kama kivinjari cha kawaida, na anwani ndiyo kinga yako dhidi ya kurasa bandia. Kwa hivyo zitumie kwa mazungumzo. Dashibodi ya malipo na benki ziache kwenye chumba cha Pesa.

6. Funga mlango

Ukikusanya kila kitu mahali pamoja, pia umemrahisishia kazi mwizi. Kumbuka profaili si kufuli: yeyote aliyekaa kwenye kiti chako anaweza kubadilisha kutoka Wateja hadi Pesa. Basi:

- Weka nywila kwenye kompyuta yenyewe, na ukisimama hata kwenda kuchukua chai, bonyeza Windows na L. Skrini inafungwa papo hapo.
- Mpe kila mfanyakazi akaunti yake na ruhusa zinazomtosha. Anayehakikisha malipo hana haja ya kuweza kuhamisha pesa. Akiondoka kazini, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.
- WhatsApp inakubali kuunganisha vifaa vinne na simu yako. Kila wiki fungua orodha ya vifaa hivyo kwenye simu, na ukiona usichokijua, kiondoe.
- Nambari za wateja ni taarifa za watu, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ile Google Sheets isiwe wazi kwa kila mwenye linki.
- Usipange dawati hili kwenye kompyuta ya saiba. Hiyo si yako.

Dakika tano za jioni

Kabla ya kufunga duka, linganisha jumla ya dashibodi na jumla ya Google Sheets. Zikitofautiana, tafuta sababu leo, kabla kumbukumbu hazijapoa. Kisha toka kwenye akaunti za pesa na ufunge kompyuta.

Si lazima ufanye yote leo. Anza na profaili mbili na skrini ya pande mbili. Hizo peke yake zinachukua chini ya nusu saa. Na kama kawaida: PIN yako ni yako peke yako. Sisi hatutakupigia simu kuiomba, wala hatutakutumia linki ya kuiandika. Anayeiomba, mkatie simu.