Kupima Ushahidi Darasani: Asili ya Wapolinesia

Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba Wapolinesia walitoka Asia amekariri jibu, hajajifunza historia. Yafaa mwalimu aanze na swali: je, watu hawa waliingia Pasifiki kutoka magharibi au mashariki?

Mwaka 1947 Thor Heyerdahl alitoka Peru kwa chelezo cha magogo, Kon-Tiki, akafika Raroia baada ya siku 101. Je, hilo lathibitisha asili ya Wapolinesia? La, lathibitisha tu kwamba safari hiyo yawezekana.

Kisha mwalimu aandike ubaoni neno la "tano": Kimalei lima, Kisamoa lima, Kimaori rima, Kimalagasi dimy. Wanafunzi watatambua wenyewe undugu wa lugha hizi, kuanzia Madagaska hadi Pasifiki.

Vifuate vyungu vya Lapita, vilivyofukuliwa kuanzia visiwa vya Bismarck hadi Tonga na Samoa. Vya Bismarck, upande wa magharibi, ndivyo vikongwe zaidi. Basi wahamaji walielekea mashariki.

Waliwezaje bila dira? Mwaka 1976 Mau Piailug aliongoza chombo Hokule'a kutoka Hawaii hadi Tahiti kwa nyota na mawimbi. Hapa pia kanuni ni ile ile: safari yaonyesha uwezo, asili yaonyeshwa na lugha na vyungu.

Zoezi: Kiazi kitamu, chenye asili ya Amerika ya Kusini, kilikuwako Polinesia kabla ya Wazungu. Je, chathibitisha asili ya watu, au kukutana kwao tu? Toa sababu.