SOMO LA WIKI: Kuuza boti, mwenyewe au kwa dalali?

Mwenye boti anayetaka kuiuza huanza na swali moja: dalali atachukua asilimia ngapi? Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni je, boti hiyo bado inakwenda baharini au imevutwa nchi kavu? Jibu la swali hili ndilo linaloonyesha kama mwenye mali ana nafasi ya kumsubiri mnunuzi, au kila mwezi unaopita unamla.

Somo la wiki hii linahusu boti za uvuvi na za kubeba mizigo midogo, zile zinazoonekana Feri, Kunduchi, Bagamoyo na Mafia. Hesabu yake hata hivyo inafaa kwa mali yoyote ambayo haina soko la kila siku.

Kwanza litazamwe neno lenyewe. Dalali wa hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwezi Aprili 1998, ana leseni na yuko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Dalali wa mnada naye ana sheria yake na leseni yake. Dalali wa boti wa pwani, mara nyingi, ana simu, daftari na jina lake tu. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya. Wapo wanaoaminika kuliko maofisa wenye tai. Maana yake ni kwamba ulinzi wa muuzaji umo katika mapatano atakayoandikiana na dalali huyo, kwani hakuna ofisi itakayomlinda kwa niaba yake.

HESABU YA MIEZI

Chukua mfano wa boti ya faiba ya futi 28 yenye mashine ya nje ya nguvu farasi 40. Imevutwa nchi kavu kwa sababu mwenyewe ameamua kuhamishia mtaji wake katika duka la vifaa vya ujenzi, ambako anatarajia fedha yake imzalie asilimia 2 kwa mwezi. Mlinzi wa boti analipwa Sh. 120,000 kwa mwezi.

Akiuza mwenyewe, tuseme anapata Sh. 19,000,000 baada ya miezi minne. Mlinzi amekula Sh. 480,000. Safari tano za kuwajaribisha wanunuzi, kwa Sh. 60,000 za mafuta kila moja, ni Sh. 300,000. Faida ambayo duka halikuipata kwa miezi minne ni Sh. 1,520,000. Jumla ya gharama ni Sh. 2,300,000, na mkononi zinabaki Sh. 16,700,000.

Akimpa dalali, boti inauzwa Sh. 18,000,000 kwa mwezi mmoja. Kamisheni waliyokubaliana ni asilimia 8, yaani Sh. 1,440,000. Mlinzi ni Sh. 120,000, safari moja ya majaribio Sh. 60,000, na faida ya duka iliyokosekana Sh. 360,000. Jumla ni Sh. 1,980,000, na zinabaki Sh. 16,020,000.

Hapo muuzaji aliyejitegemea amemzidi mwenzake kwa Sh. 680,000. Lakini ushindi huo umesimama juu ya ile miezi minne. Kila mwezi wa ziada unamgharimu Sh. 500,000, yaani mlinzi Sh. 120,000 na faida ya duka Sh. 380,000. Akifika miezi mitano na siku kumi hivi, wote wawili wako sawa. Akifika miezi sita, amebakiwa na Sh. 15,700,000, na dalali aliyeonekana ghali amekuwa rahisi.

Upande wa pili nao utazamwe. Dalali yule yule akichelewa mpaka mwezi wa tatu, muuzaji anabakiwa na Sh. 15,060,000 tu, matokeo mabaya kuliko yote yaliyotajwa. Kamisheni ni bei ya kununua muda. Dalali asiyeleta muda anauza kitu ambacho hana, na kwa sababu hiyo mapatano naye lazima yawe na tarehe ya mwisho. Siku 45 au 60 zinatosha kwa boti ya kawaida. Zikipita, muuzaji yuko huru.

Sasa badilisha jambo moja tu: boti bado inavua. Baada ya mafuta, chakula na mgao wa wavuvi, fungu la boti ni Sh. 400,000 safi kwa mwezi. Gharama ya kusubiri inashuka kutoka Sh. 500,000 hadi Sh. 100,000. Mwenye boti kama huyo hana sababu ya kukimbilia kwa dalali. Aidha, boti inayoshusha samaki kila alfajiri mbele ya watu inajitangaza yenyewe, na wanunuzi wazuri hawatazami rangi, wanahesabu makasha.

Kwa chombo cha mbao hesabu ni kali zaidi. Mashua au jahazi likikaa juani miezi kadhaa mbao hukauka na kusinyaa, viungo hufunguka, na mnunuzi akija anaona mianga ya jua ndani ya ngama. Ni lazima litiwe kalafati upya na kupakwa kabla halijarudi majini, na gharama hiyo mnunuzi ataikata kwenye bei, mara nyingi kwa kuizidisha. Mwenye jahazi lililolala nchi kavu hana anasa ya kusubiri.

"CHA JUU"

Malalamiko mengi ya wauzaji hayahusu kamisheni. Yanahusu kile ambacho mitaani kinaitwa cha juu. Mwenye mali anasema anataka Sh. milioni 17 mkononi. Dalali anauza Sh. milioni 21, anamkabidhi Sh. milioni 17, na wanaagana kwa furaha. Muuzaji anajisifu kwamba hakulipa hata senti ya udalali, ilhali amelipa Sh. milioni 4, karibu asilimia 19 ya bei.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachi muuzaji mikono mitupu. Wakala akifanya biashara ya aliyemtuma kwa faida yake mwenyewe, pasipo mwenye mali kujua, mwenye mali anaweza kuidai faida hiyo. Tatizo ni kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema "juu ya kumi na saba ni yako". Neno hilo likishatoka mbele ya mashahidi, ni vigumu kulirudisha mahakamani. Afadhali kutaja bei ya chini ambayo hataki ivukwe, kuweka kamisheni ya asilimia, na kudai kuonana na mnunuzi uso kwa uso siku ya malipo. Dalali anayekataa muuzaji na mnunuzi wasionane ameshajieleza.

Wapo pia wanaochukua kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Likisemwa wazi halina shida kubwa. Likifichwa, muuzaji hana tena wakala. Ana mtu anayemtafutia mnunuzi nafuu.

Udanganyifu wa upande wa wauzaji nao upo, na haki itendeke. Dalali analeta mteja, mteja anatazama na kuondoka, kisha baada ya wiki mbili anarudi usiku kwa mwenye boti wakauziana wenyewe. Ikiwa ni dalali aliyesababisha mauzo hayo, kamisheni yake inadaiwa. Dawa ni ndogo: kila mteja anayeletwa jina lake liandikwe kwenye karatasi, na tarehe, na wote wawili watie saini. Ikifika tarehe ya mwisho, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha nani ni mteja wa nani.

Kosa jingine ni kuwapa madalali watano boti moja. Kila mmoja anataja bei yake, na mnunuzi anayesikia bei tatu kabla ya adhuhuri anajua la kufanya: anasubiri ya nne.

MASHINE MBALI, BODI MBALI

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii. Boti ni mali mbili, pengine tatu, zilizofungwa pamoja. Mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40 iliyo katika hali nzuri ina wanunuzi kila bandari, kwa kuwa inaingia kwenye boti ya yeyote. Nyavu nazo zina wateja wake. Bodi ndiyo inayokaa, kwa sababu anayeitaka lazima atake ukubwa ule, umbo lile, na awe tayari kuihamisha.

Hivyo mwenye boti anaweza kuiuza mashine mwenyewe katika wiki moja, akampa dalali bodi peke yake. Kamisheni inahesabiwa juu ya fungu dogo, na fedha kubwa imeshaingia. Ubaya wake upo: bodi isiyo na mashine haiwezi kujaribiwa baharini bila ya kuazima, na mnunuzi wa kigeni katika kazi hii, mathalani mtumishi anayetafuta mahali pa kuweka kiinua mgongo chake, anataka chombo kilicho tayari. Huyo ndiye mnunuzi wa dalali hasa. Mvuvi mzoefu, kinyume chake, ndiye mnunuzi wa muuzaji binafsi, na wa kwanza kuulizwa anapaswa kuwa nahodha wa boti hiyo hiyo. Anaijua, pengine anaitaka, na asipoambiwa mapema atasikia habari pwani, naye pamoja na mabaharia wataanza kutafuta chombo kingine. Boti inayovua ikikimbiwa na watu wake inageuka kuwa boti ya nchi kavu, na hesabu yote ya juu inapinduka.

Msimu nao una neno lake. Pepo kali za kusi katikati ya mwaka huzuia vyombo vidogo, na wanunuzi ni wachache. Kuanzia bahari inapotulia kuelekea kaskazi, mwenye mtaji anatafuta chombo. Boti iliyovutwa nchi kavu mwezi Juni ikapewa siku 60 za udalali inaweza kuzimaliza siku hizo zote kabla soko halijaamka.

KARATASI NA MALIPO

Kwa njia yoyote, hati ziwe tayari kabla ya kutangaza: usajili wa chombo, leseni ya uvuvi kama ni ya uvuvi, cheti cha ukaguzi, na risiti ya mashine yenye namba yake. Mashine huibwa, na mnunuzi mwangalifu hatatoa fedha kwa namba isiyo na risiti. Usalama wa vyombo Tanzania Bara uko chini ya TASAC, iliyochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo kinachouzwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kina kazi ya ziada ya usajili, na hapo dalali anayezijua ofisi zote mbili anastahili fedha yake.

Arabuni ipokelewe kwa maandishi, ikielezwa itarudishwa au haitarudishwa iwapo mnunuzi atageuka. Mafuta ya majaribio yalipwe na mnunuzi. Asiye tayari kununua lita chache hanunui boti.

La mwisho ni yule anayetoa nusu na kusema nusu iliyobaki "itatoka baharini". Kwa kawaida ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Katika mauzo ya namna hii, boti ikizama mwezi wa pili, mabishano yataanza hapo hapo juu ya nani alikuwa mwenye mali siku hiyo. Iandikwe, basi, kwamba boti ikishakabidhiwa hasara yoyote ni ya mnunuzi na deni linabaki pale pale. Na kamisheni ya dalali katika mauzo hayo ilipwe kwa kadiri fedha inavyoingia, si yote siku ya kwanza.