SANAMU YA SAYARI YA MBALI: NI FOTO AO NI MCHORO?



Ninyi wote mnaijua ile sanamu iliyo kwenye ukuta wa kalasi ya mwaka wa kwanza: sayari yenye bahari na barafu, na jua jekundu karibu sana. Ni sisi tulioibandika pale. Wadogo wetu walipouliza kama ni foto, tulijibu: « Ndiyo, ni foto. » Kapita akisha kusema, nani atauliza tena? Lakini mwalimu wetu wa fizikia alipoingia, aliuliza neno moja tu: « Maandiko ya chini yako wapi? » Tulikuwa tumeyakata kwa makasi, kusudi karatasi iingie vizuri kwenye kartoni. Kumbe ni pale palipoandikwa kama ni mchoro. Basi, tunaandika somo hili kusudi tusahihishe neno letu.

1. Kitu gani kilipimwa?

Sanamu ile ni ya sayari za nyota inayoitwa TRAPPIST-1. Nuru inakimbia kilometa 300 000 hivi kwa sekunde moja, lakini inatumia miaka 40 hivi kutoka kule mpaka kwetu. Mwaka wa 2016, wenye elimu walioongozwa na Michaël Gillon wa chuo kikuu cha Liège, katika Ubelgiji, walitangaza sayari tatu zinazoizunguka. Mwaka wa 2017 zikawa saba.

Je, waliziona kwa macho? Hapana. Waliona nuru ya nyota inapunguka kidogo, kisha inarudi, tena na tena. Ni sawa na mdudu anayepita mbele ya taa ya mbali: mdudu humwoni, lakini unaona taa imefifia. Kadiri nuru inavyopunguka, ndivyo sayari ilivyo kubwa. Na wakati unaopita mpaka nuru ipunguke tena, huo ndio mwaka wa sayari ile. Sayari iliyo karibu zaidi na nyota, mwaka wake ni siku moja na nusu tu!

Ukubwa na mwaka, basi, vilipimwa. Na bahari? Mchoraji aliitia mwenyewe, kwa kufuata yale yanayowezekana. Mwaka wa 2023, darubini ya Webb ilipima joto la ile sayari ya karibu zaidi, nayo haikupata alama ya hewa yenye kuizunguka.

2. Mchoro unaweza kukosa

Mwaka wa 1944, Mmarekani Chesley Bonestell alitoa katika gazeti la Life mchoro wa sayari Saturne, namna ingeonekana kwa mtu anayesimama juu ya Titan, mwezi wake mkubwa. Mbingu ni safi, mawe yana ncha, Saturne inang'aa. Watu wengi waliupenda sana. Lakini Novemba 1980, chombo Voyager 1 kilipita karibu na Titan na kukuta ukungu mzito umeifunika yote. Tarehe 14 Januari 2005, chombo Huygens kilishuka juu yake: mbingu ya rangi ya machungwa, na vipande vya barafu vyenye kuviringana sawa mawe ya mtoni. Bonestell hakudanganya. Alichora kwa yale yaliyojulikana wakati wake.

3. Mchoro unaweza pia kutangulia

Mwaka wa 1979, Mfaransa Jean-Pierre Luminet alitaka kuonyesha shimo jeusi, lile ambalo hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Hakuna mtu aliyekuwa ameliona. Alifanya hesabu kwa ordinatere ya kadi zenye matundu, kisha akachora kwa mkono wake, nukta kwa nukta, kwa wino. Ikatoka pete ya nuru, giza katikati, na upande mmoja unaong'aa kuliko mwingine. Miaka 40 ikapita. Tarehe 10 Aprili 2019, wenye elimu walionyesha sanamu ya kwanza ya shimo jeusi lenyewe, katika kundi la nyota M87: pete, giza katikati, upande mmoja unang'aa zaidi! Lakini hata pale tuangalie: sanamu ile ilitengenezwa kwa mawimbi ya redio, na mawimbi ya redio hayana rangi. Rangi ya machungwa ilichaguliwa na watu.

4. Basi, tufanye nini?

Siku ya posho tulirudi katika kalasi ya mwaka wa kwanza na kusema mbele ya wote: « Tulikosa. Si foto. » Mdogo mmoja akauliza: « Basi, hata zile sayari ni uongo? » Hapana, ndugu. Sayari ziko, zimepimwa. Ni bahari tu isiyojulikana. Ulizo lile lilituonyesha ubaya wa neno letu: mtu akiita mchoro foto, siku watu wakijua, wataacha kusadiki hata kipimo cha kweli.

Maandiko tumeyarudisha kwa kalamu, chini ya sanamu. Msiyakate tena!

MAULIZO YA KUJIPIMA
a) Katika sanamu ya TRAPPIST-1, nini kilipimwa, na nini kilitiwa na mchoraji?
b) Bonestell alikosa, lakini hakudanganya. Eleza tofauti.
c) Luminet hakuwa ameona shimo jeusi. Alipata wapi sura yake?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita