Kabla ya Ndege, Tazama Karatasi

Picha ya ndege ya kale hujiuza yenyewe. Unamwona kasuku ametulia tawini, manyoya yake yamepakwa rangi moja moja kwa mkono, na kabla hujajua umeshatia mkono mfukoni. Hapo ndipo wengi wetu hupigwa. Mwombe muuzaji aitoe picha kwenye fremu, uigeuze. Akikataa, muage kwa heshima uende zako.

Ukishaigeuza, pitisha kidole pembezoni. Picha hizi zilichapwa: mchongaji alichimba mistari kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akalifuta hadi wino ukabaki ndani ya mistari tu, kisha bamba na karatasi iliyoloweshwa vikashindiliwa pamoja kwenye mtambo. Shinikizo hilo huacha kovu la mstatili kuizunguka picha: mbele karatasi imebonyea, nyuma imetuna. Pengine aliyeiweka kwenye fremu zamani alikata pembezoni, na kovu likaenda na mkasi. Picha ya namna hiyo yaweza kuwa halali, ila bei lazima ishuke.

Kisha chukua lenzi inayokuza mara kumi. Ukiona nukta ndogondogo za rangi zilizopangana kama kwenye picha ya gazeti, hiyo ni nakala ya kisasa, hata karatasi iwe imezeeka vipi.

Inua karatasi dhidi ya mwanga, kama unavyokagua noti. Picha 435 za mchoraji wa ndege John James Audubon, zilizochapwa kati ya 1827 na 1838, nyingi zikiwa za karakana ya Robert Havell huko London, zilitumia karatasi ya Whatman. Ndani yake hutokea jina hilo pamoja na mwaka. Nakala za Audubon zimezagaa mno, kwa hiyo alama hiyo itafute kwa bidii.

Sasa rangi, na hapa usiwe na haraka. Kuna picha za kweli zilizotoka bila rangi, zikaja kupakwa juzijuzi ili zipandishwe bei. Tazama majani. Kijani kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba hula karatasi polepole, na nyuma ya jani utakuta kivuli cha kahawia chenye umbo lile lile. Si kila kijani cha zamani hufanya hivyo, ila ukikiona kivuli hicho, tulia. Nyeupe ya risasi nayo huweza kusawijika, ndiyo maana baadhi ya ndege wa kale wana vifua vya kijivu ambavyo msanii hakuvikusudia. Rangi ikiwa imepita juu ya doa la zamani badala ya doa kuipitia rangi, tia shaka. Mwisho inamisha picha kidogo: mara nyingi jicho la ndege litang'aa, kwa sababu lilipakwa gundi ya mgunga, ile iliyokuwa ikiletwa kutoka Sudan na Senegal.

Anayeanza asianze na Audubon. Mfululizo wa vitabu wa William Jardine uliotoka Edinburgh kati ya 1833 na 1843 una picha ndogo za bei nafuu, na juzuu mbili za 1837 ni za ndege wa Afrika Magharibi. Mimi moyo wangu uko kwa mtafiti wa ndege François Levaillant, aliyezunguka nchi ya Cape, kusini mwa Afrika, kati ya 1781 na 1784. Ndiye aliyempa tai pungu jina la Kifaransa ambalo hata Waingereza wanalitumia hadi leo. Picha nyingi za vitabu vyake zilichapwa kwa wino wa rangi, kisha zikamaliziwa kwa mkono. Usishtuke basi ukiona mistari yenyewe ina rangi.

Karatasi yenye muhuri wa maktaba uliofutwafutwa usiinunue, maana huenda imeibwa. Na kitabu kizima usikinunue ili ukichane. Vilivyochanwa vimetosha.

Picha yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi fremu mmoja, akaibandika kwa selotepu juu ya kadibodi ya kawaida. Baada ya miaka michache, mstari wa kahawia ulikuwa umeizunguka, na hautoki. Dai kadibodi isiyo na asidi, na vibanio vya karatasi laini ya Kijapani vilivyogandishwa kwa uji wa wanga wa ngano. Kioo kisimguse ndege. Kwa sisi tunaoishi pwani, ukuta hutoa unyevu: bandika vipande vya koki nyuma ya fremu ili hewa ipite, na chagua ukuta usiopigwa na jua. Nawa mikono ukishaishika picha, kwani baadhi ya vijani vya karne ya 19 vina aseniki. Bei, tarehe na mahali uliponunua viandike kwenye daftari, si nyuma ya picha.